Utando wa Rangi katika Sarafu za Prufu na Namna ya Kuupiga Picha: Mazingira ya Gisenyi, Rwanda

Ikisiri

Sarafu za zamani zilizopigwa kwa ubora wa prufu hupata, baada ya miaka mingi ya kuhifadhiwa, utando wa rangi za dhahabu, zambarau, buluu na kijani. Katika minada ya Ulaya na Marekani rangi hizo hupandisha bei. Katika hifadhi nyingi za Afrika Mashariki huonekana kuwa uchafu, nazo huondolewa. Makala haya yanaeleza jinsi utando huo unavyotokea na sababu ya mji wa Gisenyi, ulio kati ya Ziwa Kivu na volkano ya Nyiragongo, kuwa mahali pafaapo kuutafakari. Hoja kuu ni kwamba rangi ya sarafu ni ushahidi wa namna ilivyotunzwa, na kwamba ushahidi huo hauwezi kutumika pasipo picha iliyopigwa kwa utaratibu unaojulikana. Mwisho yanatolewa mapendekezo kwa taasisi za urithi na washauri wa sera.

1. Utangulizi

Neno la Kiswahili fedha hubeba maana mbili: madini meupe yenye thamani, na njia ya malipo. Katika sarafu za zamani maana hizo hukutana. Sarafu ya fedha ilikuwa na thamani kwa sababu ya madini yake na kwa sababu ya mamlaka iliyoipiga. Ilipoacha kutumika sokoni, mamlaka yake ilikoma, lakini madini yakaendelea kuitikia hewa, karatasi, kitambaa na mikono iliyoishika. Mwitikio huo ndio unaoonekana leo kama utando wa rangi.

Swali linalowakabili watunzaji ni dogo kwa sura, lakini matokeo yake hayarekebishiki. Mtu akikabidhi jumba la makumbusho sarafu ya fedha yenye ukingo wa buluu na kitovu cha dhahabu, je, isafishwe ing'ae au iachwe ilivyo? Na kama itaachwa, picha yake itapigwaje ili mtafiti aliye Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura aione kama inavyoonekana mkononi? Kosa katika swali la kwanza huharibu kitu chenyewe. Kosa katika swali la pili huharibu maarifa kuhusu kitu hicho, na huwapa wafanyabiashara wasio waaminifu nafasi ya kuuza rangi zisizokuwapo.

2. Sarafu zilizopita Gisenyi

Gisenyi, uliomo katika Wilaya ya Rubavu na kupakana na Goma, umeshuhudia mamlaka kadhaa za sarafu katika muda usiozidi miaka mia moja na ishirini. Chini ya Wajerumani, fedha rasmi ilikuwa rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kampuni ya DOAG ilianza kuitoa mwaka 1890, ikiwa na sura ya Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma, na rupia moja iligawanywa katika pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilichukua jukumu hilo, na rupia ikawa na heller 100. Rupia hizo zilipigwa katika viwanda vya Berlin na Hamburg, vikitambulishwa kwa herufi A na J, na baadhi zilipigwa kwa ubora wa prufu kwa ajili ya wakusanyaji na hifadhi rasmi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilibadili mambo. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamekatiwa njia ya bahari, walipiga sarafu za dharura katika karakana ya reli mjini Tabora: heller 5 na heller 20 za shaba na shaba nyeupe, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Rwanda, yakasonga kusini-mashariki na kuitwaa Tabora mwezi Septemba. Baada ya hapo faranga ya Kongo ya Kibelgiji ikachukua nafasi ya rupia katika Ruanda-Urundi. Miongoni mwa sarafu zake zinazotafutwa sana ni faranga 2 ya mwaka 1943 yenye pembe sita, iliyopigwa Philadelphia, na faranga 50 ya fedha ya mwaka 1944, iliyopigwa Pretoria. Zote mbili zina picha ya tembo.

Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, Rwanda na Burundi zilipata benki ya pamoja ya kutoa fedha, iliyodumu hadi mwaka 1964 Benki Kuu ya Rwanda ilipoanzishwa. Mwaka 1965 Rwanda ilitoa sarafu za dhahabu za faranga 10, 25, 50 na 100 zenye sura ya Rais Grégoire Kayibanda, na mwaka 1972 faranga 200 ya fedha kwa kuadhimisha miaka kumi ya uhuru. Tangu mwaka 2008 jina la Rwanda limeonekana pia katika wakia za fedha zinazotengenezwa Ujerumani kwa soko la wakusanyaji. Ya kwanza ilikuwa na picha ya sokwe wa milimani, ambaye makao yake ni safu ileile ya Virunga inayoonekana kutoka Gisenyi.

Orodha hii inaonyesha jambo moja la msingi. Sarafu zenye ubora wa juu kabisa zilizobeba majina ya nchi za eneo hili zilipigwa mbali, na nyingi zilikwenda moja kwa moja kwa wakusanyaji wa mbali. Kwa hiyo picha ndiyo njia kuu, na mara nyingine njia pekee, ya mtafiti wa Rwanda kuzichunguza.

3. Maana ya prufu

Prufu ni namna ya kutengeneza sarafu, wala si daraja la hali yake. Sarafu ya matumizi hupigwa mara moja, kwa kasi, na kumwagwa katika pipa pamoja na maelfu ya wenzake. Sarafu ya prufu huanza na kisahani tupu cha madini kilichong'arishwa. Chapa za chuma zinazoipiga nazo hung'arishwa katika sehemu bapa, na mara nyingi hukwaruzwa kwa makusudi katika sehemu za picha. Kisahani huwekwa kimoja kimoja, hupigwa zaidi ya mara moja kwa nguvu kubwa, kisha hutolewa kwa uangalifu.

Matokeo yake ni uwanja unaong'aa kama kioo na picha nyeupe iliyofifia inayoinuka juu yake. Sarafu ya namna hiyo ikiingia mfukoni na kuchakaa hubaki kuwa prufu, ila ni prufu iliyoharibika. Kwa upande mwingine, sarafu ya matumizi iliyohifadhiwa vizuri haigeuki kuwa prufu. Tofauti hii ina uzito katika uandishi wa katalogi, kwa kuwa maelezo mengi huita prufu sarafu yoyote inayong'aa.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Kiswahili ni seti za prufu za Tanzania za mwaka 1966, zilizopigwa na kiwanda cha Royal Mint cha Uingereza. Zilikuwa na senti tano, ishirini na hamsini pamoja na shilingi moja, zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere na maneno «Rais wa Kwanza». Ingawa hazikuwa za fedha, senti tano yake ya shaba nyekundu huonyesha wazi jinsi uso laini wa prufu unavyopokea rangi kuliko uso wa sarafu iliyopita mikononi mwa watu.

4. Jinsi utando unavyotokea

Fedha haipati kutu kama chuma, lakini huvutana sana na salfa. Gesi ya hidrojeni salfidi, hata ikiwa kidogo mno hewani, huungana na uso wa fedha na kufanya utando wa salfidi ya fedha. Unyevu huharakisha tendo hilo. Katika sarafu kama rupia ya Kijerumani, ambayo ni fedha yenye sehemu ndogo ya shaba, shaba nayo hushiriki na kuongeza rangi nyekundu na kahawia.

Utando wenyewe hauna rangi ya zambarau wala buluu. Rangi hizo hutokana na mwanga. Sehemu ya mwanga huakisiwa na uso wa juu wa utando, na sehemu nyingine hupenya, ikagonga madini na kurudi. Mawimbi hayo mawili yanapokutana, baadhi ya rangi hufutana na nyingine huzidishana, kulingana na unene wa utando. Ndivyo inavyokuwa katika povu la sabuni na katika mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi barabarani. Kwa kuwa mawimbi ya mwanga unaoonekana yana urefu wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi, badiliko dogo sana la unene hubadili rangi.

Jambo hili lina faida kubwa kwa uchunguzi, kwa sababu rangi hufuatana kwa mpangilio. Utando mwembamba kabisa huonekana wa manjano hafifu. Ukiongezeka huwa dhahabu, kisha kahawia nyekundu, zambarau na buluu. Ukizidi kunenepa, buluu hufifia, manjano hurudi mara ya pili, hufuatwa na waridi na kijani, na hatimaye uso wote huwa mweusi. Kijani, basi, ni dalili ya utando uliokwisha kupita hatua nyingi. Uso wa prufu huonyesha mfuatano huo kwa uwazi kuliko mwingine wowote, kwa kuwa hauna mikwaruzo ya kuukatiza.

5. Mlima, ziwa na sanduku

Mgeni anayefika Gisenyi na kuambiwa kwamba fedha hugeuzwa rangi na salfa ataelekeza macho kwa Nyiragongo, ulio takriban kilomita 20 kaskazini mwa mji. Volkano hiyo, iliyolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021, pamoja na jirani yake Nyamulagira, ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya gesi ya salfa dioksidi duniani. Ziwa Kivu nalo limehifadhi katika kina chake kaboni dioksidi na methani kwa wingi, pamoja na hidrojeni salfidi. Lipo pia suala la unyevu: mji uko ufukweni, katika kimo cha mita 1,460 hivi, na mvua hunyesha kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Hata hivyo mazingira hayo yanapaswa kupimwa kwa uangalifu. Moshi wa volkano kwa kawaida hupelekwa na upepo upande wa magharibi, yaani Kongo. Gesi za ziwa zimefungiwa chini na tabaka za maji mazito ambazo hazichanganyiki na maji ya juu. Tena salfa dioksidi, ambayo ndiyo gesi kuu ya salfa itokayo mlimani, haishambulii fedha kwa nguvu ya hidrojeni salfidi. Hudhuru zaidi shaba, hasa penye unyevu.

Chanzo cha karibu zaidi mara nyingi ni sanduku lenyewe. Karatasi duni, katoni, sufi, mpira wa kufungia noti na baadhi ya gundi hutoa misombo ya salfa kidogo kidogo kwa miaka. Sarafu iliyolazwa katika bahasha hupata utando mnene zaidi upande uliogusana na karatasi au uliokuwa karibu na mshono wenye gundi. Sarafu iliyopangwa katika albamu ya katoni hupata rangi kuanzia ukingoni kuelekea katikati, kwa kuwa ukingo ndio uliogusana na katoni. Mifuko laini ya plastiki ya PVC huacha ute wa kijani unaonata, ambao si utando wa rangi bali ni uharibifu unaoendelea kula madini.

Kwa hiyo rangi husimulia makazi ya sarafu. Rangi zilizo upande mmoja tu huashiria kulazwa kwa muda mrefu. Pete za rangi kuanzia ukingoni huashiria albamu. Wingu la kijivu lisilo na mpangilio huashiria hewa chafu au kusafishwa kwa zamani. Katika eneo ambako makusanyo mengi hayana hati zinazoeleza yalikotoka, alama hizo ni sehemu ya hati.

6. Rangi ya miaka na rangi ya dawa

Kwa kuwa rangi huleta fedha, wapo wanaoitengeneza. Misombo ya salfa, joto la jiko na kemikali nyingine huweza kuipa sarafu rangi kwa saa chache. Kampuni za Marekani za kupima na kuthibitisha sarafu, zikiwemo PCGS iliyoanza mwaka 1986 na NGC iliyoanza mwaka 1987, hukataa kutoa daraja la kawaida kwa sarafu ambayo rangi yake inatiliwa shaka.

Mtunzaji asiye na maabara anaweza kuanza na maswali matatu. Kwanza, je, rangi zinafuata mpangilio wa unene uliotajwa juu, au kijani kimekaa kando ya manjano hafifu bila hatua za kati? Pili, je, rangi inaheshimu umbo la sarafu, ikipungua nyuma ya herufi na picha zilizoinuka, au imepita juu ya kila kitu kama rangi iliyopakwa? Tatu, je, mng'aro wa kioo bado unaonekana chini ya utando, au uso umekufa? Majibu hayatoi hukumu ya mwisho, lakini huonyesha ni sarafu zipi zipelekwe kwa mtaalamu kabla ya fedha za umma kutumika kuzinunua.

Hatari iliyo kinyume na hiyo ni usafishaji. Majivu, ndimu na dawa ya meno, ambavyo hung'arisha vyombo vya nyumbani, huchora katika uwanja wa prufu mikwaruzo isiyofutika. Majimaji ya kuchovyea yanayouzwa madukani huyeyusha salfidi, na kwa kuwa fedha iliyomo katika salfidi ilitoka katika uso wa sarafu, kila mchovyo huondoa sehemu ya uso huo. Baada ya michovyo kadhaa mng'aro hupotea, na utando mpya unaoanza kuota huwa wa mabaka.

7. Kupiga picha

Ugumu wa kupiga picha prufu yenye rangi unatokana na uwanja wake kuwa kioo. Kioo huonyesha kile kilicho mbele yake. Taa ikiwekwa kando, mwanga huakisiwa kwenda upande wa pili bila kuingia katika lenzi. Uwanja huonekana mweusi, picha iliyoinuka huonekana nyeupe, na rangi hutoweka. Sarafu ikizungukwa na mwanga uliosambazwa kwa kitambaa cheupe, rangi huonekana lakini hufifia, na mng'aro hupotea.

Njia inayoonyesha utando kwa uaminifu ni ya mwanga unaoshuka sambamba na mhimili wa lenzi. Kamera husimamishwa wima juu ya sarafu. Kati ya lenzi na sarafu huwekwa kioo bapa, safi na chembamba, kilichoinamishwa kwa nyuzi 45. Taa hutoka upande mmoja, ikagonga kioo, na sehemu ya mwanga wake hushuka juu ya sarafu. Sarafu huurudisha juu, ukapita katika kioo hadi kwenye lenzi. Kitambaa cheusi huwekwa upande wa pili ili kumeza mwanga uliopenya moja kwa moja. Uwanja wa kioo sasa hung'aa, na kila rangi ya utando huonekana mahali pake.

Picha moja haitoshi. Kwa kumbukumbu ya kitaasisi, kila upande wa sarafu unastahili picha mbili: moja kwa njia ya kioo, inayoonyesha rangi, na nyingine kwa taa za pembeni, inayoonyesha mikwaruzo, uchakavu na dalili za kusafishwa. Picha ya rangi peke yake huweza kuficha mikwaruzo. Picha ya pembeni peke yake huficha rangi.

Masharti mengine ni mepesi. Weupe wa picha usawazishwe kwa kadi ya kijivu. Kadi ya rangi sanifu na rula ya milimita ziwemo katika picha ya kwanza ya kila kikao. Taa ziwe za aina moja, na mwanga wa dirishani uzuiwe. Faili ghafi ihifadhiwe bila kuguswa, na nakala yoyote iliyorekebishwa iandikwe hivyo. Simu za mkononi huongeza ukolezi wa rangi zenyewe bila kuombwa. Zikitumika kwa kukosa kamera, programu inayoruhusu kuzima marekebisho hayo itafutwe. Pamoja na picha yaandikwe uzito, kipenyo, tarehe, aina ya mwanga na kifungashio ambamo sarafu ilikutwa. Kifungashio chenyewe kipigwe picha kabla ya kutupwa, kwa kuwa ndicho kinachofafanua rangi.

8. Athari kwa sera

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 kuhusu kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni unataja sarafu miongoni mwa vitu vya kale vyenye umri wa zaidi ya miaka mia moja ambavyo nchi yaweza kuvilinda. Rupia zote za Kijerumani na sarafu zote za Tabora zimevuka umri huo. Katika mji wa mpakani kama Gisenyi, ambako maelfu ya watu huvuka kila siku kwenda na kutoka Goma, sarafu ni kitu kidogo kinachopita kwa urahisi katika mfuko wa shati. Ikipotea, maelezo ya maneno kama «rupia moja, fedha, 1911» hayatoshi kuidai, kwa kuwa zipo nyingi zinazofanana. Utando wa rangi, kwa upande wake, haurudii umbo lake katika sarafu mbili. Picha nzuri ya utando hufanya kazi ya alama ya kidole.

Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa. La kwanza, taasisi za urithi, ikiwemo Inteko y'Umuco ya Rwanda, zipige marufuku kusafisha sarafu kabla ya kupigwa picha na kuchunguzwa na mtaalamu. La pili, utaratibu wa picha mbili kwa kila upande uwe sharti la kuandikisha sarafu katika katalogi. La tatu, vifungashio vya karatasi duni na PVC vibadilishwe kwa plastiki isiyo na klorini au karatasi isiyo na asidi wala salfa, na unyevu wa makabati upimwe, hasa katika miji ya ufukweni. La nne, istilahi za Kiswahili za fani hii zisanifiwe. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na maofisa wa forodha, watunzaji na polisi wa pande zote mbili za mpaka wanakitumia. Katalogi inayoeleweka Rubavu, Goma na Tabora kwa lugha moja ni nyenzo ya ulinzi.

9. Hitimisho

Utando wa rangi katika sarafu ya prufu ni tukio la kikemia linaloendelea, lenye mpangilio unaoweza kusomwa. Gisenyi, pamoja na mlima wake na ziwa lake, unakumbusha kwamba hewa ina sehemu yake, lakini uchunguzi wa sarafu zenyewe huonyesha kwamba sanduku, karatasi na mkono wa mwenye kutunza ndivyo vinavyofanya kazi kubwa zaidi. Maana yake ni kwamba hatima ya sarafu hizi imo katika uwezo wa taasisi. Gharama ya kioo bapa, taa moja na kadi ya kijivu ni ndogo, na kila sarafu inayochovywa ing'ae kabla ya kupigwa picha ni hati iliyofutwa bila kusomwa.